Umeokoka ila bado unaishi kama mgeni kwa Baba? Jinsi ya kukaa nyumbani kama mtoto

Hii nimeiandika kwa ajili ya mtu aliyeokoka, iwe mwezi uliopita au zamani sana, ambaye ukimuuliza wewe ni nani kwa Mungu anakujibu chapchap "mtoto wa Mungu", ila ukimsikiliza akiomba, au ukimuona siku aliyoteleza, unagundua huyu mtu hajioni mtoto hata kidogo, anajiona kibarua wa majaribio ambaye akikosea tu anarudishwa kwao. Mimi nakaa sana na waongofu wapya kanisani na ninachokiona ni kwamba hili linawatesa wengi kuliko hata pombe, halafu ndo somo tunalolipitia haraka kuliko yote, Jumapili moja, mistari mitatu, amina, twende kwenye ubatizo.

Sasa kabla ya kusema fanya hiki fanya kile, lazima ujue ulifanyiwa nini, maana ukiruka hapa haya mengine yote yatakuwa ni kujipa moyo tu.

Ulifanyiwa nini hasa

Kwenye Agano Jipya ni Paulo anayetumia lugha hii ya kuasiliwa, yaani kufanywa mwana kisheria kwenye nyumba ambayo hukuzaliwa, na ni sehemu tano tu: Warumi 8:15, Warumi 8:23, Warumi 9:4, Wagalatia 4:5 na Waefeso 1:5. Zifungue zote tano leo, haichukui hata dakika kumi. Yohana yeye anapenda zaidi kusema tumezaliwa na Mungu, na zote mbili ni kweli, moja inakwambia una uhai mpya na nyingine inakwambia una haki mpya. Hapa nakaa kwenye hii ya pili kwa sababu ndo inasahaulika.

Paulo alikuwa raia wa Roma na aliwaandikia watu wanaoishi chini ya Warumi, na Warumi walivyokuwa wanaasili sio tunavyowaza sisi, ile picha ya katoto kachanga kutoka kituo cha yatima. Kwao aliyeasiliwa mara nyingi alikuwa kijana au mtu mzima kabisa, na sababu kubwa ilikuwa kupata mrithi wa jina na mali. Julius Caesar alimuasili Octavian kwa wosia uliosomwa baada ya kuuawa mwaka 44 KK, na ndo huyo akaja kuwa Augusto, yule wa kwenye Luka 2. Augusto naye akamuasili Tiberio mwaka 4 BK. Halafu Klaudio akamuasili Nero mwaka 50, na hapo Klaudio alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Britannicus, lakini mwaka 54 aliyekaa kwenye kiti ni Nero. Sasa waraka kwa Warumi unakadiriwa kuandikwa kama mwaka 57 hivi, yaani watu wa Roma wanasomewa "mlipokea roho ya kufanywa wana" huku mtu anayetawala dunia yao nzima ni mtoto wa kuasiliwa (kwamba Nero alikuja kuwa mtu wa ajabu hilo ni jingine). Hakuna mtu pale ambaye angesikia neno hilo akafikiria mtoto wa daraja la pili. Aliyeasiliwa alitoka chini ya mamlaka ya baba wa kwanza, akaingia chini ya baba mpya, akachukua jina la ukoo mpya, na urithi akawa nao.

Hata kwetu hapa Tanzania kuasili mtoto sio maneno ya mdomo. Ni Sheria ya Mtoto ya 2009, watu wa Ustawi wa Jamii wanachunguza na kuandika ripoti, shauri linaenda Mahakama Kuu, na mtoto anaingizwa kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa. Siku jaji anasaini ile amri mtoto anaweza kuwa amelala mgongoni hajui lolote, na usiku huohuo anaweza kuamka analia anamtaka mtu wa zamani, lakini amri haibadiliki kwa sababu kalia. Shika hapo. Hali yako kwa Mungu iliamuliwa kabla hujajisikia chochote, Waefeso 1:5 inasema alitangulia kutuchagua, "sawasawa na uradhi wa mapenzi yake", kwa hiyo hata ile asubuhi unaamka mkavu kabisa, huna hamu ya kuomba, wala huoni kama umeokoka, karatasi iko palepale.

Linganisha na kitu tunachokijua wote, mtoto wa kulelewa. Binti kaletwa kutoka kijijini akae kwa shangazi mjini asome. Anapendwa, analishwa, ada inalipwa, lakini yeye mwenyewe anajua. Anaamka wa kwanza kufagia, hafungui friji bila kuuliza, wageni wakija anakaa jikoni, sahani ikivunjika moyo unamdunda kwa sababu anafikiria begi lake, na ukimuuliza nyumbani ni wapi anataja kijiji. Watoto wa shangazi wanavunja sahani wanasema "mama imevunjika" wanaendelea na katuni. Wakristo wengi ni huyo binti, wamo ndani ya nyumba miaka na miaka ila friji hawafungui.

Anza kwa kujirekodi ukiomba

Najua inasikika ajabu lakini fanya. Siku moja ukiwa peke yako washa kinasa sauti cha simu, weka pembeni, omba kama kawaida yako, usijitengeneze. Halafu kesho yake, sio hapohapo, sikiliza ukiwa na kalamu.

Unatafuta vitu kama vitatu. Cha kwanza, biashara, kile kitu cha "Bwana ukinipa hii kazi mimi nitatoa mshahara wa kwanza wote", "ukiniponya sitakosa ibada tena", yaani unapatana bei. Nadhiri zipo kwenye Biblia sikatai, lakini kama kila ombi lako lina malipo pembeni ujue unazungumza na bosi. Cha pili, kujitukana kwingi kabla hujafika kwenye hoja, dakika nane za "mimi si kitu, mimi mavumbi, sistahili hata kusimama", halafu ombi lenyewe linasemwa kwa sekunde ishirini kwa sauti ya chini. Toba ni toba na uifanye, ila toba inataja dhambi kwa jina lake, inaomba msamaha, inaendelea. Cha tatu ni neno Baba lenyewe unalitumiaje, maana wengine tunalitaja kila baada ya maneno mawili, Baba tunakuja Baba mbele zako Baba, na ukweli ni kwamba pale tunavuta pumzi tu, hatumwiti mtu.

Ukishasikiliza, wiki nzima inayofuata omba kidogo. Sema "Baba", nyamaza kidogo, halafu mwambie jambo moja kama lilivyo. Nina hofu na kodi ya mwezi huu. Nimemkasirikia mke wangu. Nimefurahi leo. Ukimaliza sema asante, basi. Usiongeze mapambio ya kujazia. Na ukitaka mfano, Marko 14:36, Yesu Gethsemane kabanwa kwelikweli anaanza na "Aba, Baba", anasema anachotaka bila kuzunguka, kikombe kiondolewe, halafu anaacha kwa Baba aamue. Neno hilohilo la Aba ndo Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6 zinasema tumewekewa mdomoni sisi na Roho mwenyewe. Sio kwamba tumeiga, tumepewa.

Soma Luka 15 ukiangalia sentensi iliyopotea

Mwana mpotevu umeshahubiriwa mpaka umechoka, sawa, lakini fungua tena uangalie kitu kimoja. Mstari wa 18 na 19 kijana akiwa kwa nguruwe anaandaa hotuba, ina vipande vitatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anatembea nayo njia nzima. Sasa nenda mstari wa 21, amefika, baba kamkimbilia kamkumbatia, anaanza hotuba, anasema nimekosa, anasema sistahili, na hapo imekatika. Kile kipande cha tatu cha kuomba ajira hakitoki. Mstari wa 22 ni baba anaongea tayari, tena haongei na kijana, anawaagiza watumwa, lileteni upesi vazi lililo bora, pete, viatu.

Mimi nadhani hapa ndo mtu anapaswa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo hili. Yule kijana alikuwa tayari kurudi, toba yake ilikuwa ya kweli, ila alikuja na mpango wake wa namna ya kukaa pale nyumbani, na mpango ulikuwa ni kulipa kidogokidogo. Watu wengi wamerudi kwa Mungu na mpango huo mfukoni na hawajawahi kuutoa. Wewe wa kwako unasemaje? Uandike. "Nifanye kama mmoja wa wanakwaya, nikikosa mazoezi niadhibu." "Nifanye kama mtu wa kusafisha kanisa, angalau nisikae bure." Kusafisha kanisa ni kuzuri, endelea, lakini kama unasafisha ili usifukuzwe basi hicho ndo kipande cha tatu cha hotuba yako.

Na usimsahau kaka mkubwa, maana huyu ndo sisi wa zamani makanisani. Hajaenda popote, hajala mali na makahaba, na bado anaongea kama mfanyakazi anayedai posho, miaka yote hii nimekutumikia na hujanipa hata mwana-mbuzi. Jibu la baba ni fupi: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Yaani mbuzi walikuwa wake muda wote. Kwa hiyo hali ya utumwa inakaa kwa aliyeharibu na inakaa vilevile kwa asiyeharibu kitu, usifikiri kwa kuwa umelelewa kanisani hii haikuhusu.

Majina uliyopewa

Chukua karatasi, andika yale uliyoitwa yakakaa. Mzigo. Kichwa maji. Mtoto wa nje. Mjane mkosi. Tasa. Darasa la saba. Usiandike orodha nzuri ya kuonyesha mtu, andika yale yanayokujia usiku. Halafu mbele ya kila moja weka mstari wa Biblia unaosema kinyume chake, na hapa kuwa mwangalifu, weka mstari unaosema kweli hilo jambo, usilazimishe. Aliyeitwa mtoto wa nje aandike Warumi 8:17, "na kama tu watoto, basi, tu warithi". Aliyetupwa na wazazi ana Zaburi 27:10, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Aliyeitwa tasa usimwandikie ahadi ya mapacha ambayo Mungu hajamwahidi, mwandikie 1 Yohana 3:1, kwamba tuitwe wana wa Mungu, "na ndivyo tulivyo", maana hilo halisubiri kipimo cha hospitali.

Dada zangu hapa niwaambie kitu. Paulo akisema "wana" mnaweza kuona kama mmewekwa pembeni, kumbe ndo mmeingizwa. Kwenye koo zetu nyingi binti anaambiwa shamba sio lako, wewe utaolewa, na kesi za namna hiyo mnazijua wenyewe. Wagalatia 3:26 inasema ninyi nyote mmekuwa wana wa Mungu kwa njia ya imani, mstari wa 28 unaongeza kwamba hapana mtu mume wala mtu mke, na wa 29 unamalizia na urithi. Kwa hiyo fungu alilopewa kaka ndo fungu lako, hakuna la pembeni la wasichana.

Kuhusu kubadilisha jina kabisa, watu wananiuliza sana, je nikibatizwa lazima nichukue jina la Kizungu? Hapana. Ibrahimu na Petro walipewa majina na Mungu mwenyewe, ila Paulo ambaye kila mtu anamtolea mfano hakubadilishwa jina njiani kwenda Dameski, angalia Matendo 13:9, muda mrefu baada ya kuokoka bado anaitwa "Sauli, ambaye ndiye Paulo", alikuwa na yote mawili. Kama jina lako la kikwenu linataja mizimu na linakukosesha amani, badilisha, lakini ufuate utaratibu wa kisheria, maana cheti cha mtihani cha NECTA kikisema Masanja na kitambulisho cha NIDA kikasema Emmanueli utazungushwa ofisi mpaka uchoke na hapo usimsingizie shetani.

Kama neno baba linakuuma

Kuna mtu anasoma hapa na moyo umegoma, kwa sababu baba aliyemjua alikuwa anapiga, au alikuwa hayupo, au alikuwepo ila akirudi nyumbani watoto wote wanakimbilia chumbani. Unamwambia Mungu ni Baba na mwili unakaza. Usimlazimishe mtu wa hivyo aseme Baba Baba kwa nguvu kwenye mkesha ili ionekane amefunguliwa.

Kinachosaidia, kwa nilivyoona, ni kuanza na Yesu. Filipo alimwomba Yesu awaonyeshe Baba, na jibu kwenye Yohana 14:9 ni kwamba aliyemwona Yeye amemwona Baba. Kwa hiyo chukua Injili moja, Marko ni fupi, soma kidogokidogo ukijiuliza huyu anafanyaje na mtu dhaifu. Anafanyaje na yule mwenye ukoma wa sura ya 1, anamgusa kabla hajampeleka kwa kuhani. Anafanyaje na mwanamke wa sura ya 5 aliyejificha nyuma, anamwita "Binti". Yule ndo Baba alivyo. Usichukue baba yako wa duniani ukamvuta mpaka mbinguni, anza juu uje chini.

Na yule baba wa duniani? Kusamehe kupo, lakini kusamehe sio lazima urudi kukaa naye nyumba moja wala umkabidhi watoto wako kama ni mtu wa kudhuru. Ongea na mchungaji unayemuamini, na kama kuna kidonda kirefu tafuta mshauri nasaha, sio dhambi. Wengine inachukua miaka. Mungu hana haraka na wewe kwenye hilo.

Laana za ukoo: hapa tuongee ukweli

Hii ndo sehemu itakayonigombanisha na baadhi ya watu. Mtu ameokoka, amebatizwa, halafu anaambiwa bado amefungwa na madhabahu ya bibi yake mzaa baba, lazima aje na sadaka ya kujikomboa, anunue mafuta, aende mara hii mara ile, na kila akimaliza kifungo kimoja kinapatikana kingine cha upande wa mama. Hela zinaisha na hofu inaongezeka, na hofu ndo alama, maana Warumi 8:15 inasema hatukupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu.

Siwaambii kwamba mambo ya giza hayapo, tumekulia hukuhuku tunajua watu wanaenda kwa nani usiku. Ninachosema ni kwamba kuasiliwa kumebadilisha ukoo wako mbele za Mungu. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Petro anagusa kabisa habari ya mababu, 1 Petro 1:18, kwamba mlikombolewa na kutoka kwenye mwenendo usiofaa mlioupokea kwa baba zenu, na sio kwa fedha wala dhahabu. Soma tena hapo kwenye fedha. Ezekieli 18 yote imeandikwa kwa watu waliokuwa wanasema baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu akawakataza kuutumia huo msemo.

Sasa fanya hivi. Kama nyumbani mlikuwa na hirizi, vitu vya mganga, maagano uliyofanya mwenyewe, yakane kwa kinywa chako, vitu choma, kama watu wa Efeso walivyochoma vitabu vyao vya uganga Matendo 19. Ombewa na wazee wa kanisa, mara moja, bure. Halafu angalia yale mengine ambayo kweli yanarithiwa kwenye familia yako kwa njia ya kawaida kabisa: baba mlevi, babu mlevi, na wewe mkono unaanza. Wanaume wa kwenu wanapiga. Wanawake wa kwenu wananuniana miaka. Hayo hayaondoki kwa mafuta, yanaondoka kwa kukaa na Baba mpya ukajifunza tabia za nyumba mpya, na kwa kumwambia mtu mmoja ukweli kila wiki. Ni kazi, na inachosha, na hakuna shuhuda ya kusisimua ya kutoa madhabahuni.

Na kuwa na ukoo mpya kusikufanye uwadharau wa zamani. Nimeona vijana wakiokoka tu hawaendi msibani, hawachangii matibabu ya mama kwa sababu "sio wa imani". Paulo huyohuyo kwenye 1 Timotheo 5:8 anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kama wazazi wako ni Waislamu au wa dini ya jadi, wapigie simu, watembelee, wabebee sukari. Kwenye matambiko utakataa, na utakataa kwa adabu, shikamoo ikitangulia.

Mtoto wa Mfalme kwenye daladala

Kuna stika kwenye bodaboda na vioo vya gari, "Mtoto wa Mfalme", naipenda, lakini kuna mafundisho yamepanda juu ya hiyo stika yakaenda nayo mbali: mtoto wa Mfalme haumwi, hakai nyumba ya kupanga, hapandi daladala, ukiona unapanda daladala imani yako ina kasoro. Paulo aliyesema sisi ni warithi pamoja na Kristo, Warumi 8:17, kamalizia sentensi hiyohiyo na "naam, tukiteswa pamoja naye". Ni mstari mmoja, watu wanaukata katikati. Na mistari sita mbele, Warumi 8:23, anasema bado tunaugua tukitazamia kufanywa wana, yaani ukombozi wa mwili wetu. Kwa hiyo kuna sehemu ya urithi umeshaishika, na kuna sehemu mwili wako bado unaisubiri, na kisukari chako sio ushahidi kwamba hukuasiliwa.

Hapa huwa nawapeleka watu kwa Mefiboshethi, 2 Samweli 9. Mjukuu wa mfalme Sauli, yule aliyemtangulia Daudi, aliangushwa na yaya akiwa na miaka mitano akalemaa miguu yote miwili, anaishi Lo-debari kwenye nyumba ya mtu. Daudi anamwita, na yeye anajua kawaida ya wafalme ni kumaliza ukoo uliotangulia, anaanguka kifudifudi na kujiita mbwa mfu. Daudi anamrudishia mashamba ya babu yake na kumweka mezani, na mstari wa 11 unasema akala "kama mmoja wa wana wa mfalme". Basi ungetegemea sura iishie hapo kwa shangwe. Mstari wa mwisho unasema alikula sikuzote mezani pa mfalme, naye alikuwa na kilema cha miguu yote miwili. Miguu haikupona. Alibebwa au alijikokota kila siku mpaka mezani, na kiti kilikuwa chake.

Siku ukianguka

Utaanguka. Utajikuta umefanya kilekile ulichosema hutarudia. Saa ya kwanza baada ya hapo ndo muhimu, kwa sababu binti wa kulelewa atatamani kukimbia: unaacha kwenda ibada, unaacha kujibu meseji za kikundi, unasema nitarudi nikijirekebisha. Fanya kinyume, ndani ya siku hiyohiyo. Mwambie Baba kwa jina la kitu chenyewe. Mwambie mtu mmoja. Kama kuna mtu umemuumiza au umemwibia, mrudie, lipa. Halafu Jumapili nenda, kaa mahali pako pa kawaida, usijihamishie benchi la mwisho kujiadhibu.

Ukiona maumivu ya kurudiwa, yaani Baba anakurekebisha kama mtoto wake, dhamiri inakuchoma, mambo yamebana, usikimbilie kusema Mungu amenikataa. Waebrania 12:8 inasema asiyerudiwa ndo mwenye sababu ya kuwa na wasiwasi. Ila tofautisha: kurudiwa kunakwambia kitu mahususi cha kuacha na kunakuacha na njia ya kurudi, wakati ile sauti inayosema tu wewe ni takataka siku zote, bila kutaja kosa wala njia, hiyo hutakiwi hata kubishana nayo.

Na ndugu zako?

Umeasiliwa kwenye nyumba yenye watoto wengine, wengine wanakoroma, wengine wanakopa hawalipi. Chagua watu watatu au wanne kanisani, tofauti na wewe kwa umri na kipato, jua wanapokaa, kula kwao nao wale kwako. Jumuiya, seli, kikundi cha nyumba kwa nyumba, kila kanisa lina jina lake, jiunge hata kama huongei. Na kuna watoto na vijana kanisani kwenu wasio na mzazi au wasiojulikana wanatoka kwa nani, waangalie hao hasa, Zaburi 68:5 inamwita Mungu Baba wa yatima. Ukiweza mmoja umlipie sare ya shule, mwite kwa jina lake, akija kwako kula mwambie ajipakulie mwenyewe.

Kama kanisa ulilopo linakutisha kila wiki, kila mahubiri ni utafukuzwa utalaaniwa usipotoa, zungumza na kiongozi kwanza, na kama haisaidii hama kwa amani, aga vizuri.

Ukimaliza haya, kaa na Wagalatia nzima kwa mkao mmoja, sura sita tu, nusu saa inatosha, zima data kwanza. Halafu rudia lile zoezi la kurekodi baada ya miezi mitatu, sikiliza rekodi ya zamani na mpya pamoja, na ile ya zamani ukishaisikiliza ifute.